Pimeni Toti Mbele ya Mteja

Chukua Jumamosi yoyote, saa moja jioni, Nyakato. Daladala zinazotoka mjini kuelekea Igoma na Kisesa zinashusha watu kando ya Barabara ya Musoma. Moshi wa nyama choma unakatiza barabara. Kwenye kona, kijana wa juisi ya miwa ameegesha toroli lake na kufunga taa ndogo juu ya mashine ya kukamulia. Ndani ya baa ya jirani, wanawake sita waliotoka kwenye kikao cha harusi wanavuta viti. Watano wanaagiza bia na soda. Wa sita, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati na kikao cha leo kimemwendea vizuri, anafungua menyu yenye picha za rangi, anakaa nayo kidogo, kisha anachagua mojito.

Bia zinafika kwanza. Mhudumu ameshamuuliza kila mmoja kama anataka ya baridi au ya moto, na sasa anazifungua moja moja pale pale mezani. Mojito inachelewa. Inapofika, barafu imeyeyuka nusu. Glasi ni ndefu, mrija upo, kipande cha limao kimechomekwa ukingoni, lakini ndani mna maji ya kijani yanayong'aa kwa rangi ya chakula. Jani la mnanaa halipo hata moja.

“Dada, hii ndiyo mojito?”

“Ndiyo mama, ndiyo yenyewe. Nikuongezee barafu?”

Anaonja. Ni soda ya ndimu iliyoishiwa gesi, imezidishwa shira, na kwa mbali kuna kitu kinachochoma koo ambacho huenda ni ramu, huenda ni Konyagi, huenda ni kingine kabisa. Hasemi neno, maana wenzake wanamtazama na yeye ndiye aliyetaka cha pekee. Nusu ya glasi inabaki mezani. Bili inapokuja, glasi ile imelipiwa bei ya bia nne.

Mambo ya namna hii hutokea kila mwisho wa wiki, Nyakato na kwingineko Mwanza, na kwa kuwa hayaleti ugomvi, hayazungumzwi. Yanastahili kuzungumzwa. Kati ya watu sita waliokaa meza ile, aliyelipa fedha nyingi zaidi ndiye aliyeambulia kidogo zaidi, na ndiye pekee asiyejua alichokunywa.

Mwanza ni jiji la bia. TBL ina kiwanda chake hapa, SBL nayo ina chake, na Balimi, ambayo jina lake kwa Kisukuma maana yake ni wakulima, imejijengea heshima yake Kanda ya Ziwa kabla ya kwingine kokote. Pamoja na bia hizo imekua desturi ambayo kila mnywaji anaijua bila kufundishwa: chupa hufunguliwa mbele ya mwenyewe. Mhudumu akileta iliyokwisha kufunguliwa, inarudishwa. Anayekwenda msalani humwachia rafiki kinywaji chake akilinde, au hukifunika. Hakuna anayeona kwamba huo ni utovu wa adabu. Ni utaratibu unaomlinda mteja na unaomlinda mhudumu pia, kwa sababu kilichoingia mwilini kinajulikana: jina lake liko kwenye lebo, ujazo wake umeandikwa, na nguvu yake imeandikwa.

Kokteli inavunja utaratibu huo wote kwa mkupuo mmoja. Chupa imefunguliwa nyuma ya kaunta, pengine juzi. Lebo haionekani. Ujazo haujulikani. Rangi na sukari vimefunika ladha, na barafu imefunika ujazo. Kinywaji kinachomtaka mteja aamini kuliko vingine vyote ndicho kinachoandaliwa mahali ambapo macho yake hayafiki. Hapo ndipo kasoro ilipo, na hapo ndipo panapotakiwa kurekebishwa: kila kinywaji cha kuchanganya kipimwe na kichanganywe mbele ya anayekilipia.

Anza na toti. Chupa kubwa ya pombe kali ina mililita 750. Ikipimwa toti za mililita 30, inatoa toti 25 kamili. Ikipimwa kwa jicho, na jicho likawa na tabia ya kusimama kwenye mililita 20, chupa hiyo hiyo inatoa toti 37. Toti 12 zimezaliwa hewani. Kila moja imelipiwa na mtu aliyedhani amenunua kamili. Kwenye baa ambayo mwenye mali huhesabu chupa jioni na kudai fedha za toti 25, tofauti hiyo haiingii hata kwenye daftari lake, inaishia mfukoni mwa aliyeshika chupa. Kwa hiyo mwenye baa naye anaibiwa. Jina la baa yake linachafuka kwa ajili ya fedha ambazo hata hakuziona.

Watanzania hawahitaji kuelezwa ubaya wa kipimo cha uongo. Kwa miaka mingi wakulima wamelia na lumbesa, gunia linaloshonewa kofia juu ili mnunuzi abebe zaidi ya alicholipia, na Wakala wa Vipimo wamepita sokoni wakilipiga vita. Mafuta ya magari yalipochakachuliwa kwa kuchanganywa na mafuta ya taa, EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na neno kuchakachua likaingia midomoni mwa kila mtu. Mizani ya bucha inakaguliwa. Pampu ya petroli inakaguliwa. Toti nayo ni kipimo cha biashara kama kilo ya nyama na lita ya dizeli, na Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo kwa ajili ya kumlinda anayenunua kwa kipimo. Lakini ni nani Nyakato aliyewahi kumwona mkaguzi ameinama kwenye kaunta ya baa, ameshika kikombe cha toti?

Nchini Uingereza, jin, ramu, vodka na wiski huuzwa baa kwa mililita 25 au 35, au kwa zidisho la kipimo hicho, na kila baa inatakiwa kubandika tangazo linaloonyesha inatumia kipi. Hata huko, sheria imeviacha vinywaji vinavyochanganywa kwa vimiminika vitatu au zaidi, yaani kokteli zenyewe. Zaidi ya sheria, kinachoziweka sawa ni miiko ya kazi. Chama cha kimataifa cha wachanganyaji vinywaji, IBA, kilichoanzishwa Torquay, Uingereza, mwaka 1951, kina orodha ya kokteli zinazotambulika na vipimo vya kila moja. Mojito kwenye orodha hiyo ni mililita 45 za ramu nyeupe, mililita 20 za maji ya ndimu yaliyokamuliwa wakati huo huo, vijiti sita vya mnanaa, vijiko viwili vidogo vya sukari, na soda isiyo na ladha ya kumalizia. Basi. Rangi ya kijani haimo, shira ya dukani haimo, na soda tamu haimo.

Soma tena orodha hiyo ukiwa Nyakato. Ndimu zimepangwa mafungu sokoni, hatua chache kutoka barabarani. Mnanaa unaota kwenye kopo la rangi lililojazwa udongo uani. Sukari inatengenezwa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Maji ya soda yanapatikana kwenye duka lolote la vinywaji. Kilichosafiri kutoka mbali ni ramu peke yake, na ramu ndiyo pekee ambayo baa haikosi. Vinavyokosekana ni vile vinavyopatikana kwa shilingi mia chache. Glasi ile ya kijani haikuletwa na umaskini wala na umbali wetu kutoka Havana, mojito ilikotoka. Ililetwa na mtu kuamua kwamba mteja hatajua.

Na kuna upande wa pili wa kupima kwa jicho, ule wa kuzidisha. Mteja mzoefu anaweza kufurahi akimiminiwa bila kipimo, akiamini amependelewa. Hebu hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Konyagi, ambayo hutengenezwa Dar es Salaam na Tanzania Distilleries, ina asilimia 35, kwa hiyo toti moja ya mililita 30 ina kilevi cha mililita 10 na nusu, chini ya nusu ya bia. Toti tatu zilizozama kwenye juisi ya embe zina mililita 31 na nusu, zaidi ya bia nzima, na mnywaji hazisikii kwa sababu ya utamu. Anamaliza glasi kwa dakika kumi akidhani amekunywa kitu chepesi. Halafu anainuka, anachukua ufunguo wa pikipiki, na mbele yake kuna malori ya Barabara ya Musoma.

Jambo hili ni zito zaidi kwa asiyekunywa kabisa. Baa na mikahawa ya Mwanza huuza kokteli zisizo na kilevi, na wanaoziagiza wana sababu zao: Mwislamu anayeheshimu dini yake, Msabato, mama mjamzito, dereva, mtu anayemeza dawa, mtu aliyeacha pombe kwa taabu kubwa. Kaunta ikitumia kikombe kimoja kutikisia vyote bila kukisuuza, au mtu wa kaunta akijisahau, kinachovunjwa pale ni kiapo cha mtu. Hakuna punguzo la bili linaloweza kukirudisha.

Serikali haijalala katika suala la pombe kali. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku viroba, zile pombe za pakiti za plastiki zilizokuwa zikiuzwa mpaka vituo vya mabasi. Januari 2019 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia stempu za kielektroniki kwenye pombe, na mwananchi akapewa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ili aikague chupa mwenyewe kabla hajalipa. Ni hatua nzuri. Lakini zote zinaishia kwenye chupa. Mtu anayenunua Konyagi ndogo dukani anaweza kuikagua stempu. Anayeagiza kokteli hapewi nafasi hiyo, kwa sababu chupa haimfikii. Stempu imebaki rafuni, imegeukia ukutani, na kilichomo ndani ya chupa kinaweza kuwa kile kile kilichotoka kiwandani au kingine kilichojazwa baadaye kwenye chupa tupu ya kuokota.

Hofu hiyo ina msingi. Novemba 2000, kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwaacha wengine vipofu. Novemba 2024, watalii sita walifariki dunia huko Vang Vieng, Laos, baada ya kunywa pombe yenye sumu hiyo hiyo. Methanoli haina rangi, na harufu yake inafanana na ya pombe ya kawaida. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho, na kiasi kidogo cha kama mililita 30 kinaweza kuua. Hata katika pombe ya kienyeji inayonywewa kavu, mnywaji mzoefu huenda asishtuke. Ndani ya shira, rangi na juisi ya boksi, hana nafasi kabisa. Kwa hiyo kumwonyesha mteja chupa kabla ya kumimina ni suala la uhai wake.

Barafu nayo isichukuliwe kama pambo. Ni kiungo, tena ndicho chenye ujazo mkubwa kuliko vyote ndani ya glasi. Barafu kubwa na kavu hupoza upesi na kuyeyuka taratibu. Barafu ndogo iliyoanza kuloana hugeuka maji kabla glasi haijafika mezani, na ndiyo maana kinywaji cha pili kutoka kaunta ile ile kinaweza kuwa na ladha tofauti kabisa na cha kwanza. Juu ya hayo kuna afya. Kugandisha maji hakuui vijidudu vya kipindupindu, na watu wa Kanda ya Ziwa wanaujua ugonjwa huo kwa karibu kuliko wangependa. Bonge la barafu lililobebwa kwenye kiroba cha unga, likapasuliwa sakafuni kwa kitako cha chupa, halina kazi kwenye glasi ya mtu. Mteja ana haki ya kuuliza maji yake yalichemshwa au yalichujwa vipi, na mhudumu anapaswa kuwa na jibu.

Wapo watakaosema kokteli ni mambo ya wazungu, na anayeitaka aende hoteli za ufukweni. Hoja hiyo haina mizizi. Kuchanganya vinywaji kwa ustadi ni jambo la zamani sana Afrika Mashariki. Wachaga hupika mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi, na ili utamu usizidi hutia gome la msesewe lenye uchungu. Tamu, chachu na uchungu vimewekwa kwenye mizani, kazi ile ile anayoifanya mchanganyaji wa London kwa ndimu, shira na magome. Wahaya, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, hukanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha huzichachusha kwa mtama uliokaangwa ili kupata rubisi. Wanyamwezi na Wasukuma wana wanzuki, pombe ya asali. Na kwenye vilabu vingi vya pombe za kienyeji bado mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni ndipo ampe. Mzee aliyeweka desturi hiyo alijua kitu ambacho kaunta zetu za vioo na taa za rangi zimekisahau.

Hata toniki, ambayo wengi huiona ya kigeni kabisa, ina nasaba na ukanda huu. Uchungu wake unatokana na kwinini, dawa ya malaria itokanayo na magome ya mti wa sinkona. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, kwenye milima ya Usambara, na mpaka leo mashamba ya Kivu, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kwinini duniani, na Bukavu kuna kiwanda cha kuikamua. Pamoja na hayo, anayeagiza jin na toniki Nyakato mara nyingi huletewa jin na soda yoyote iliyokuwepo, na haambiwi mpaka atakapouliza. Kubadilisha kiungo si dhambi. Toniki ikiisha imeisha. Kutosema ndiko kunakokera, kwa sababu mteja angeweza kuchagua kingine na kulipa kwa moyo mweupe.

Mfano mzuri wa kinywaji kisichoficha kitu uko Nairobi. Mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, ulilipa umaarufu jina la Kiswahili kwenye ulimwengu wa kokteli: dawa. Ndani yake kuna vodka, ndimu, sukari, barafu na asali, na kijiti chenye asali hukaa ndani ya glasi ili mnywaji akandamize ndimu zake mwenyewe mpaka ziwe kama apendavyo. Leo dawa inauzwa kwenye mahoteli ya mwambao wote na kwenye kambi za watalii mbugani. Haikuhitaji rangi ya chakula. Ndimu inaonekana, asali inaonekana, na mteja ana mkono wake ndani ya kazi.

Nyakato inaweza kuwa na dawa yake, tena bora zaidi. Konyagi ni ya Tanzania. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima, na njia yake ya kufika Mwanza ni fupi kuliko ya Nairobi. Ndimu ziko sokoni. Anayetaka kinywaji kisicho na kilevi anaweza kupewa tangawizi mbichi badala ya Konyagi, na akapata kitu ambacho hakijifanyi kuwa kingine. Machungwa yanavuka na boti kutoka Ukerewe na mananasi yanatoka Geita. Ni vigumu kueleza kwa nini jiji lenye matunda haya linamnywesha mtu juisi ya boksi iliyokaa kwenye friza tangu Jumatano.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa kaunta. Umeme ukikatika saa mbili, barafu inakwenda. Ndimu zikiadimika bei inapaa, na bei iliyochapishwa kwenye menyu haipandi. Kijana anayechanganya vinywaji pengine aliajiriwa kufungua bia, akapewa karatasi ya menyu iliyonakiliwa kutoka mahali pengine yenye majina thelathini, akaambiwa ajitahidi. Hajawahi kuionja mojito iliyo sahihi. Mshahara wake ni mdogo. Na wateja wenyewe wamechangia: wengi husema tu “niwekee kitamu”, wakipewa kibaya hunyamaza, kisha hawarudi. Baa haijui imepoteza nini, maana aliyenyamaza hakuacha ujumbe.

Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia kupima. Kikombe cha toti hakihitaji umeme. Hakipandi bei wakati wa kiangazi. Kimoja kinatosha kaunta nzima kwa miaka. Kwa hiyo mabaraza ya wenye baa, kama yana nia, yaanze hapo: kila kaunta kutoka Buzuruga hadi Igoma iwe na kikombe cha toti kinachoonekana, na karatasi ukutani inayosema toti yetu ni mililita 30, au kiasi chochote ambacho baa imekichagua na inaweza kukisimamia. Mteja ajue anachonunua kabla hajakaa.

Hatua ya pili ni kuifupisha menyu. Majina thelathini ambayo kaunta haiwezi kuyatimiza ni ahadi thelathini zilizovunjwa kabla ya kutolewa. Vinywaji vitano vinavyotoka sawa sawa Jumatatu na Jumamosi vinajenga jina. Kila kimoja kiandikwe na viungo vyake kwa Kiswahili, ili anayesoma ajue kwamba ndani kuna ramu, ndimu, mnanaa na sukari, na awe na cha kushika akiletewa maji ya kijani. Kiungo kikikosekana, mhudumu aseme kabla, siyo baada ya bili.

Ya tatu ni mafunzo, na hapa Nyakato ina bahati ambayo mitaa mingi haina. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo chake papa hapa. Chuo cha Taifa cha Utalii nacho kina kampasi Mwanza. Kozi fupi ya jioni ya kupima, kukamua, kutunza barafu na kuikagua chupa haihitaji miaka miwili wala jengo jipya. Wenye baa wakichanga ada ya vijana wao, itarudi kwenye mauzo kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu faida ya kokteli moja iliyotengenezwa vizuri ni kubwa kuliko ya bia, na anayeridhika nayo huagiza ya pili. Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, limeondoa foleni ya kivuko kwa watu wa Geita na Sengerema wanaokuja Mwanza kufanya biashara na kustarehe. Wageni wanaongezeka. Watakachokumbuka kuhusu jioni yao hapa kitategemea mambo madogo, na glasi ni mojawapo.

Ya nne ni ya Wakala wa Vipimo na Shirika la Viwango. Wakipita masokoni wapite na kaunta. Hakuna haja ya kufunga baa wala kumkamata kijana wa kaunta mbele ya wateja. Ziara moja yenye kikombe cha kupimia kilichothibitishwa, maelezo ya dakika kumi, na tangazo la kurudi baada ya mwezi, vingebadilisha mengi kuliko faini.

Na mteja? Mteja ana kazi moja tu, nayo ameshaijua tangu alipoanza kunywa bia. Aseme: “Kaka, nitengenezee hapa nione.” Asione haya. Kama ni halali kuirudisha bia iliyofunguliwa mbali, ni halali kuirudisha mojito isiyo na mnanaa. Akiuliza kwa upole na kwa heshima, mhudumu mwenye adabu atamwelewa, na mwenye baa mwenye akili atamshukuru.

Saa nne usiku, maongezi ya wale wanawake yamekwisha. Mwenyekiti analipa, anaaga wenzake, anatoka kutafuta bajaji. Kwenye kona, kijana wa miwa bado yupo chini ya taa yake. Anachagua muwa mmoja kutoka kwenye rundo, anaumenya, anaupitisha kwenye mashine mara ya kwanza, anaukunja na kipande cha tangawizi na nusu ya ndimu, anaupitisha tena. Maji ya kijani hafifu, yenye povu, yanashuka kwenye jagi mbele ya macho ya mteja. Anajaza bilauri mpaka kwenye mstari, kisha, kabla hajapokea hela, anamtazama.

“Onja kwanza, mama. Ndimu imekolea, au niongeze?”